Maswali ya Wasomaji: Matuta Mawili Hayatoshi

Mwezi huu tumepokea kutoka Bukavu barua kadhaa zinazohusu jambo moja, yaani utafiti wa kilimo cha bustani unaofanywa na wanafunzi wa shahada ya kwanza. Barua ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa kuwa tunajua wengi wamo katika hali ya binti aliyeiandika.

Nilipima mimea 40, mbona naambiwa sikufanya jaribio?

Mwalimu mpendwa, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika kitivo cha agronomia, na ninaishi Kadutu. Kwa kazi yangu ya kumaliza masomo, ile ambayo bado tunaiita TFC, nilichagua kuchunguza kama majani ya tithonia, kile kichaka chenye maua ya manjano, yanaweza kuwa mbolea ya lenga-lenga, yaani mchicha. Mjomba wangu alinipa sehemu ya shamba lake huko Kabare. Nilitengeneza matuta mawili: la juu sikulitia kitu, na la chini, lililo karibu na migomba, nililitia majani ya tithonia. Baada ya majuma matano nilipima mimea 20 katika kila tuta, nikaona lenga-lenga ya tithonia imeipita ile nyingine kwa mbali sana. Nilipompelekea mwalimu anayenisimamia, alitazama ukurasa mmoja, akasema hakuna marudio, kwa hiyo hakuna jaribio, nianze upya. Nimelia, Mwalimu. Miezi miwili imekwenda bure, na baba ananiuliza kwa nini nahitaji chuo kikuu ili kupanda lenga-lenga ambayo bibi ameipanda maisha yake yote. Je, mimea 40 ni michache? Na nianze upya namna gani, mimi nisiye na pesa wala maabara?

*Mwanafunzi, Kadutu*

Binti yangu, pole kwa miezi hiyo miwili. Mwalimu wako alisema kweli, ingawa kweli hiyo ingekufaa zaidi kama ungeipata kabla ya mbegu kuingia udongoni. Maneno aliyokupa kwa dakika moja yanahitaji maelezo marefu, na nitajaribu kuyatoa hapa.

Tuyatazame kwanza matuta yako. Katika milima ya Kabare kila mvua kubwa huchukua udongo wa juu na kuuteremsha, ndiyo maana chini ya mteremko mara nyingi utakuta udongo mweusi na laini kuliko ule wa juu. Zaidi ya hayo, tuta lako la chini lilikuwa karibu na migomba, na yeyote aliyekulia kwetu anajua kwamba migomba iliyo jirani na nyumba ndiyo inayomwagiwa majivu, maganda na samadi, mwaka baada ya mwaka. Lenga-lenga yako ya chini ilikuwa basi na sababu tatu za kustawi: tithonia, udongo ulioteremshwa na mvua, na takataka za jikoni za miaka mingi. Hakuna hesabu inayoweza kuzitenganisha sababu hizo tatu sasa, kwa sababu ziliingia pamoja katika tuta moja na zilikosekana pamoja katika tuta la pili. Hata ungepima mimea 500 kila upande, ungekuwa umepima kwa makini sana jinsi tuta la chini linavyotofautiana na tuta la juu, na swali la tithonia lingebaki palepale.

Hapo ndipo lilipo jibu kuhusu mimea yako 40. Mimea ya tuta moja ni kama watoto wa nyumba moja, waliokula chungu kimoja na kulala chini ya paa moja. Mtu akitaka kujua kama watoto wa Kadutu ni warefu kuliko watoto wa Bagira, hawezi kuingia katika nyumba moja ya Kadutu na nyumba moja ya Bagira, akapima watoto kumi kila upande, kisha akatangaza kwamba amepima mitaa miwili. Atakuwa amepima familia mbili. Katika jaribio lako nyumba ni tuta, kwa sababu mbolea uliitia katika tuta zima na wala hukuitia katika mche mmoja mmoja kwa kura. Jiulize: tithonia uliitia mara ngapi? Mara moja. Basi unacho kipimo kimoja cha tithonia, hata kama umekipata kwa kutafuta wastani wa mimea 20. Na usidhani kwamba kosa hili ni la wanafunzi peke yao. Mwaka 1984 mwanaikolojia wa Marekani, Stuart Hurlbert, alichapisha makala iliyoonyesha kwamba kosa hilihili lilikuwa limejaa katika tafiti za wataalamu wenye majina, naye akalipa jina ambalo kwa lugha yetu tungeweza kusema ni marudio bandia.

Njia ya kuliepuka imejulikana kwa karibu miaka mia moja, nayo ilitoka shambani. Huko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo kaskazini mwa London, majaribio ya mbolea yalianza mwaka 1843, na kwa miongo mingi watu walilinganisha kipande kimoja kikubwa cha shamba na kingine, kama ulivyofanya wewe. Mwaka 1919 kituo hicho kilimwajiri mwanahisabati kijana, Ronald Fisher, ili aangalie rundo la takwimu lililokuwa limekusanyika. Kutokana na kazi yake hapo yakapatikana mambo matatu ambayo mpaka leo ndiyo mafiga ya kila jaribio la shambani: kila mbolea irudiwe katika matuta kadhaa, kura ndiyo iamue tuta lipi lipate nini, na matuta yanayofanana kwa udongo yawekwe katika fungu moja, ambalo wataalamu huliita bloku. Fisher huyohuyo alionya mwaka 1938 kwamba anayemwendea mtaalamu wa takwimu baada ya jaribio kwisha anamletea maiti, na kazi inayobaki ni kueleza tu marehemu alikufa kwa nini. Wewe sasa unajua lako lilikufa kwa nini, na hilo ni jambo la thamani.

Sasa tupange jipya, na utaona kwamba halihitaji shamba kubwa.

Linganisha hali nne: tuta lisilotiwa kitu, tuta la tithonia, tuta la samadi ya mbuzi au ya ng'ombe kulingana na ile anayoipata mjomba, na tuta lenye tithonia na samadi nusu kwa nusu. Kila hali irudiwe mara tano, yaani bloku tano zenye matuta manne kila moja, na jumla ni matuta 20. Tuta liwe na urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.5, na kati ya tuta na tuta uache njia ya nusu mita. Ukipiga hesabu utaona kwamba jaribio lote linaingia katika mraba wa mita 9.5 kwa 9.5, na ukiongeza nafasi kidogo pembeni unahitaji eneo la mita 10 kwa 10 tu. Bloku zilale kwa kukata mteremko, ili matuta manne ya bloku moja yawe katika kimo kimoja cha mlima. Bloku ya kwanza juu, ya tano chini. Kwa mpangilio huo, utajiri wa udongo wa chini utazipa nguvu hali zote nne za bloku ya tano kwa usawa, na hautaipendelea tithonia peke yake. Yale maeneo ya karibu na migomba yaache kabisa.

Kisha piga kura. Andika majina ya hali nne katika vikaratasi, vikunje, vitie katika kofia, na mtoto wa mjomba atoe kimoja kimoja kwa bloku ya kwanza. Vikaratasi virudishwe, na kura ipigwe upya kwa bloku ya pili, hadi ya tano. Usisawazishe matokeo ya kura kwa jicho lako. Kama kura imeiweka tithonia upande wa kushoto katika bloku mbili mfululizo, iache hapo, na uchore ramani ya matuta katika daftari siku hiyohiyo, pamoja na mshale unaoonyesha mteremko unakoelekea.

Kuhusu kiasi cha mbolea, nakushauri utie gramu 500 za uzito mkavu katika kila tuta. Majani ya tithonia yana naitrojeni inayokaribia wastani wa asilimia 3.5 ya uzito mkavu, kwa hiyo tuta lako la mita 3 za mraba litapata gramu 17.5, ambazo ni karibu kilo 58 kwa hekta, kiasi cha kutosha kwa mboga ya majani. Kwa kuwa utakata majani mabichi, lazima ujue yana maji kiasi gani: pima kilo 1 ya majani na vishina laini, vikaushe juani juu ya gunia safi, na uvipime kila jioni mpaka uzito usibadilike kwa siku mbili. Ukibaki na gramu 200, basi kila tuta la tithonia litahitaji kilo 2.5 za majani mabichi, na jaribio zima litatumia chini ya kilo 20. Samadi nayo ikaushe na uipime vivyo hivyo. Samadi na tithonia hazina naitrojeni sawa, nawe huna maabara ya kuipima, kwa hiyo andika waziwazi kwamba umelinganisha kwa uzito mkavu. Jopo la walimu litakuheshimu kwa kulisema wewe mwenyewe kabla hawajakuuliza. Majani yakatekate, yafukie sentimita 10 au 15 chini ya udongo, na usubiri juma moja kabla ya kuhamisha miche, kwa maana tithonia huoza haraka.

Mbegu ya lenga-lenga ni ndogo mno, ichanganye na mchanga mkavu ulio laini ndipo uimwage katika kitalu. Miche ikifika majuma matatu, ihamishe kwa nafasi ya sentimita 20 kwa 20. Tuta litakuwa na mistari 7 yenye mimea 10, na ile ya pembeni usiipime, kwa sababu inapata jua na nafasi ambayo wenzake wa katikati hawaipati. Itabaki mimea 40 ya ndani kwa kila tuta, yenye eneo la mita 1.6 za mraba, na hiyo ndiyo utakayoivuna na kuipima yote pamoja. Ona kwamba mimea 40 imerudi, lakini sasa inatupa namba moja tu, namba ya tuta, na wewe utakuwa na namba 20 kama hizo.

Kazi isiyoweza kwisha kwa siku moja igawe kwa bloku. Ukipanda bloku tatu Jumatano na mbili Alhamisi hakuna lililoharibika. Ukipanda tithonia Jumatano na samadi Alhamisi, umerudi kwenye kosa la mwanzo, maana siku imeungana na mbolea. Hali kadhalika katika kupalilia, kumwagilia na kuvuna. Mavuno yafanyike asubuhi mapema, na kila tuta lipimwe palepale shambani, kwa sababu majani yaliyokatwa hupoteza maji na uzito huku ukiyatazama. Mizani ya jikoni inayopima gramu inatosha; kama huna, mwazime mwenye duka, lakini iwe mizani ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Unapochambua, namba zako 20 zinakupa digrii huru 19, yaani idadi ya namba ukitoa moja: nne zinakwenda kwa bloku, tatu kwa hali unazolinganisha, na 12 zinabaki za kukadiria kosa la jaribio, yaani tofauti kati ya matuta zisizotokana na mbolea wala bloku. Kumi na mbili ni msingi mzuri kwa kazi ya shahada ya kwanza. Ungeweka bloku tatu tu ungebaki na sita, na tofauti ya kweli ingeweza kujificha. Wala usione haya kwa udogo wa jaribio lako. Kipimo cha takwimu kinachoitwa cha Student, ambacho umefundishwa darasani, kilichapishwa mwaka 1908 kwa jina hilo la kubuni na William Gosset, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, kwa sababu namba alizokuwa nazo kazini zilikuwa chache na hesabu za wakati huo zilitaka namba nyingi.

Nimebakiza swali la baba, nami nalichukulia kwa uzito, kwa sababu limetoka kwa mtu anayelipa ada. Bibi yako ana marudio ya miaka mingi katika shamba lake, na ukianza kazi bila kumwuliza utakuwa umepoteza maktaba iliyo karibu nawe. Mwulize anapanda lini, anatia nini, ameona nini. Lakini yeye anajua shamba lake, na mtu wa Walungu mwenye udongo mwekundu uliochoka hawezi kulitumia neno lake kabla halijapimwa. Tena kuna jambo ambalo mara nyingi huachwa nje ya vitabu vyetu: tithonia si jamii ya kunde, haitengenezi naitrojeni kutoka hewani, inaikusanya tu pale ilipoota, kandokando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba, na mtu huibeba mpaka kwenye tuta. Mtu huyo kwetu ni nani? Ni mama, na mzigo uko mgongoni mwake. Kwa hiyo naomba uongeze safu moja katika daftari lako: dakika za kukata, kubeba na kufukia kwa kila tuta. Kama tithonia inaongeza mavuno kwa theluthi lakini inamwongezea mama asubuhi nzima ya kazi, baba yako na wakulima wote wana haki ya kuzijua namba zote mbili, na mwenye kuzijua atakuwa wewe.

Msimu wa kwanza wa kupanda, ule wa A, unaanza Septemba, na wa pili, ule wa B, Februari. Lenga-lenga haichukui msimu mzima. Kuanzia kitalu hadi mavuno ya kwanza ni majuma saba au nane, kwa hiyo miezi uliyopoteza inaweza kupatikana tena ndani ya mwaka huuhuu wa masomo. Na kama kuna siku ambazo njia ya Kabare haipitiki kwa usalama, tafuta mapema mtu wa nyumbani kwa mjomba, mfundishe kumwagilia na kuandika tarehe, na jina lake liwemo katika ukurasa wa shukrani.

Mwanangu anataka mboga na matunda. Je, huo ni utafiti wenye kesho?

Bwana Mwalimu, mwanangu amekubaliwa kusoma agronomia hapa Bukavu, na tayari anasema atafanya utafiti wake katika migomba na mboga. Mimi nilidhani agronomia ni kahawa, chai na kwinini, mambo ya mashamba makubwa. Je, utafiti wa bustani una uzito wowote?

*Mzazi, Panzi*

Mzee wangu, ni kweli kwamba utafiti wa kilimo katika nchi yetu ulianza ukitazama mazao ya kuuzwa ng'ambo. Ile INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo ya Wabelgiji, iliyoundwa mwaka 1933, makao yake yakiwa Yangambi, ndiyo iliyoacha desturi ya kuona kahawa na michikichi kuwa sayansi, na kuona mboga kuwa mambo ya wanawake. Kituo cha Mulungu, ambacho leo ni cha INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kiko hapo Kabare, na kijana wako akiomba nafasi ya mafunzo ya vitendo huko atakutana na udongo uleule wa nyumbani.

Uzito wa utafiti wa bustani nauona vizuri zaidi katika mgomba, ambao ni zao la bustani kama nyanya ilivyo. Mnyauko unaoletwa na bakteria, ule unaogeuza majani kuwa manjano na kuozesha ndizi kabla hazijakomaa, ulijulikana kwanza Ethiopia katika miaka ya 1960, kwenye mmea wa jamii ya mgomba unaoitwa enset. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaonekana Uganda na huku kwetu Masisi, kisha ukashuka mpaka Kivu Kusini. Ushauri wa kwanza waliopewa wakulima ulikuwa kung'oa shina lote la mgomba mgonjwa pamoja na watoto wake wote na kulizika. Wewe, mzee, umewahi kung'oa kisiki cha mgomba kwa jembe? Wakulima wengi walishindwa, hasa wajane na wazee, na ugonjwa ukaendelea.

Watafiti walipofuatilia mgomba mmoja mmoja, wakaona kwamba bakteria haifiki katika watoto wote wa shina kila mara. Kutokana na uchunguzi huo ikaja njia nyepesi: kukata ule mgomba ulioonyesha dalili peke yake, chini kabisa, mapema, na kurudia ukaguzi kila juma, kuvunja ua la dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kwa kuwa wadudu hulibeba gonjwa kutoka ua hadi ua, na kulichoma panga motoni au kuliosha kwa dawa yenye klorini kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Njia hiyo ya kukata mgonjwa peke yake ilijaribiwa katika mashamba ya wakulima hapa Kivu. Kazi yake kubwa ilikuwa kuhesabu: migomba mingapi, mingapi imeugua, mingapi imepona baada ya miezi mingapi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu mwenye daftari na subira anaweza kuifanya kazi hiyo, na katika nyumba nyingi za Kabare na Walungu ndizi ndiyo iliyolipa karo.

Kwa hiyo mwache aende. Jambo moja tu mwulize kabla hajaanza: nani atamsimamia, na je, mtu huyo atafika shambani? Hilo lina maana kuliko jina la chuo.

Sina pesa ya maabara. Nipime nini?

*Mwanafunzi, Bagira*

Ndugu, baadhi ya maswali huhitaji maabara, lakini yapo mengi yasiyoihitaji. Chukua mbegu zinazouzwa katika soko la Kadutu na Nyawera. Mbegu ya kitunguu hupoteza uhai upesi inapokaa mahali penye joto na unyevu, na mama aliyeinunua hugundua baada ya majuma mawili ya kumwagilia udongo mtupu. Kanuni za kimataifa za kupima mbegu hutaka mbegu 400, katika mafungu manne ya mbegu 100. Unahitaji sahani, kitambaa safi chenye unyevunyevu, na kuhesabu kila siku ngapi zimeota. Lakini kumbuka yale niliyomwambia binti wa Kadutu: ukinunua kwa muuzaji mmoja na kuotesha mbegu 400, umempima muuzaji mmoja. Nunua kwa wauzaji 10 au 12, uliowachagua kwa kura kutoka orodha ya wote uliowakuta sokoni, na usitaje jina la yeyote katika kazi yako, kwa sababu hao ni wazazi wanaotafuta riziki, na mara nyingi nao walidanganywa huko walikonunua.

Swali la pili lisilo na gharama ni la nyanya zinazopanda kutoka bonde la Ruzizi. Zinafika zimebanwa na kupasuka. Pima ngapi kati ya kila 100 zimeharibika siku ya kufika, siku ya pili na ya nne, katika vikapu na katika masanduku ya mbao. Ukitaka kujaribu ile njia ya chungu ndani ya chungu chenye mchanga mbichi kati yake, pima pia unyevu wa hewa au angalau uandike siku za mvua, kwa maana chungu hicho hupoza kwa kukausha maji, na hewa ya Bukavu katika miezi ya mvua imeshiba maji tayari. Yaliyofaulu katika nchi kame hayatafaulu hapa kwa kiwango kilekile, na kulionyesha hilo kwa namba za Bukavu ni mchango wa kweli.

Jaribio langu halikuonyesha tofauti yoyote. Rafiki zangu wananishauri nizirekebishe namba kidogo ili nipite. Nifanye nini?

*Msomaji aliyeomba jina lisitajwe*

Usizirekebishe. Nakusihi kama mzazi. Nilipokuwa mwanafunzi, mbuzi waliingia katika jaribio langu la kabichi majuma mawili kabla ya mavuno wakala matuta mawili yote. Nilikuwa nimeshaandika kwa penseli namba zilizofanana na za matuta ya jirani, nikaona hakuna atakayejua. Mwalimu aliyekuwa akinisimamia alizitazama, akaniuliza kwa sauti ya chini mbuzi walikula tuta gani, kwa kuwa alikuwa amepita shambani asubuhi ile akaona kinyesi chao. Kisha akanipa kifutio. Tuliandika kwamba matuta hayo yamepotea, tukafanya uchambuzi kwa yale yaliyobaki, na jopo halikunipunguzia alama kwa ajili ya mbuzi.

Kutoonekana kwa tofauti ni tokeo. Huenda mbolea uliyojaribu haifai katika udongo huo, huenda ulitia kiasi kidogo, au huenda matuta yako yalitofautiana sana ndani ya bloku hata tofauti ikazama. Andika ni lipi kati ya hayo unaloweza kulitetea, onyesha wastani wa kila hali pamoja na ukubwa wa kosa la jaribio, na uweke namba zote za kila tuta katika kiambatisho mwishoni. Mkulima atakayesoma kwamba mbolea ya bei ghali haikumzidishia kitu katika udongo wa aina yake ataokoa pesa. Na yule atakayesoma namba ulizozitunga atazitia shambani mwake, na hatakuwa na mbegu nyingine ya msimu huo.

Wanaotaka tuangalie ramani za matuta yao kabla ya kupanda, watutumie mchoro wenye vipimo, mshale wa mteremko na matokeo ya kura. Tutaujibu kabla ya mvua za Septemba.